Sauti Kukatika na Draiva Kuchelewa Kwenye Kompyuta ya Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa Mombasa na viunga vyake wanaorekodi kasida, taarab, mawaidha au matangazo kwa kompyuta ya mezani yenye Windows, na ambao husikia sauti ikikatika, ikikwaruza au ikichelewa ingawa kompyuta yenyewe inaonekana kuwa na nguvu za kutosha. Yamepangwa kwa kufuata namna tatizo linavyochunguzwa, kwa hiyo ni bora kuanzia juu kuliko kurukia jibu linalovutia. Mtu anayebadilisha mipangilio kumi kwa mkupuo mmoja huenda akafanikiwa leo, lakini hatajua ni badiliko lipi lililofaa, na tatizo likirudi baada ya Windows kujisasisha atalazimika kuanza upya.

Kompyuta yangu ina prosesa ya kisasa na kumbukumbu ya kutosha. Kwa nini sauti bado inakatika?

Kwa sababu sauti haidai nguvu pekee, inadai wakati. Kadi ya sauti inayofanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde hupokea sampuli hizo kwa mafungu, na kila fungu huwekwa katika sehemu ndogo ya kumbukumbu iitwayo bafa. Bafa ikiwa ya sampuli 256, kompyuta ina takriban milisekunde 5.3 za kuandaa fungu linalofuata. Ikiwa ya sampuli 64, muda huo hushuka hadi milisekunde 1.3. Nyumba inayotegemea maji ya mkokoteni haikaukiwi kwa sababu mchukuzi amebeba mitungi michache, bali kwa sababu amezuiwa kichochoroni wakati pipa la ndani limekwisha. Hali ya bafa ni hiyo hiyo: fungu likichelewa hata kidogo, kadi ya sauti haina cha kucheza, na sikio husikia mkato au mkwaruzo.

Kinacholeta kizuizi hicho mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, na mara nyingi ni ya kifaa kingine kabisa. Kadi ya mtandao, kadi ya michoro au diski inapohitaji kushughulikiwa, huikatiza prosesa. Draiva yake hufanya kazi fupi ya dharura, kisha huacha sehemu iliyobaki ifanywe baadaye kidogo katika foleni ambayo Windows huiita DPC. Wakati kazi ya DPC inaendelea kwenye kiini fulani cha prosesa, hakuna programu ya kawaida inayoweza kukitumia kiini hicho, hata ikiwa imepewa kipaumbele cha juu kiasi gani. Mwongozo wa Microsoft kwa watengenezaji unataka kazi ya DPC isizidi maikrosekunde 100. Draiva mbovu huweza kushikilia kiini kwa milisekunde kadhaa, na hapo bafa ndogo haina nafasi ya kunusurika. Ndiyo maana unaweza kuona prosesa ikitumika kwa asilimia ndogo tu huku sauti ikikatika: kipimo hicho huonyesha wastani, nao wastani hauonyeshi kuchelewa kwa mara moja.

Nitajuaje kwamba tatizo liko ndani ya kompyuta, si kwenye maikrofoni au waya?

Fungua rekodi yenye kasoro, nenda mahali unaposikia mkwaruzo, kisha kuza mchoro wa wimbi la sauti mpaka uone mstari mmoja mmoja. Mkato unaotokana na bafa una sura yake: wimbi linapanda na kushuka kwa ulaini, kisha ghafla linavunjika kwa mstari uliosimama wima, au linalala bapa kwenye sifuri kwa muda mfupi, halafu linaendelea kutoka mahali pasipolingana na lilipoachia. Ukipima pengo hilo, mara nyingi utakuta urefu wake unakaribiana na ukubwa wa bafa yako. Waya mbovu au tundu lililoshika kutu huonekana tofauti. Wimbi la awali linaendelea chini yake, na juu yake kuna miiba isiyo na mpangilio.

Jaribio la pili ni rahisi zaidi. Cheza kipande kile kile mara tatu. Mkwaruzo ukitokea mahali pale pale kila mara, umerekodiwa na hautaondoka. Ukihama, rekodi yako ni salama na tatizo liko katika kucheza tu. Tofauti hii ni ya maana sana kwa mtu aliyerekodi maulidi usiku mzima: kabla ya kukata tamaa, na kabla ya kuwaita tena waimbaji, hakikisha kwanza kwamba faili yenyewe imeharibika.

Nitaipataje draiva inayochelewesha?

Tumia LatencyMon, programu ya kampuni ya Resplendence iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Funga programu zote, anza kipimo, kisha iache kompyuta ikae dakika kumi bila kuguswa. Baada ya hapo pima tena huku ukiitumia kama unavyoitumia siku zote: fungua kikao cha kurekodi, cheza nyimbo, nakili faili kwenda diski ya nje. Vipimo viwili hivi ni muhimu, kwa kuwa kuna draiva zinazotulia kompyuta ikiwa imetulia na kuanza vurugu pale tu mtandao au diski inapotumika.

Usiishie kwenye ujumbe wa kwanza unaosema kama kompyuta yako inafaa au haifai kwa sauti. Ingia kwenye orodha ya draiva, ipange kwa muda mrefu zaidi wa utekelezaji, na uangalie majina mawili au matatu ya juu. Vipimo viko kwa maikrosekunde. Maikrosekunde 1,000 ni milisekunde moja. Mtu mwenye bafa ya milisekunde 5 anayeona draiva iliyoshikilia prosesa kwa milisekunde 4 hana haja ya kutafuta mbali.

Tazama pia orodha ya programu na idadi ya makosa ya kurasa yaliyolazimu kusoma diski. Idadi ikiwa kubwa, kompyuta inakosa kumbukumbu na inakwenda kuchota data kwenye diski katikati ya kazi. Kwenye diski ya kuzunguka, safari moja ya namna hiyo huchukua milisekunde kadhaa. Dawa yake ni kuongeza RAM na kuweka Windows kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, wala hakuna mpangilio wa draiva utakaosaidia.

Majina kama ndis.sys na nvlddmkm.sys yana maana gani?

Faili ya ndis.sys ni sehemu ya Windows inayohudumia mtandao, kwa hiyo ikiwa juu kwenye orodha, mshukiwa ni kadi ya Wai-Fai au ya kebo. Faili ya nvlddmkm.sys ni draiva ya kadi za michoro za NVIDIA, nayo dxgkrnl.sys ni sehemu ya Windows inayosimamia michoro. Faili ya storport.sys inahusu diski. Wdf01000.sys na ntoskrnl.exe zinapotosha wengi: ya kwanza ni msingi unaotumiwa na draiva nyingi, ya pili ni kiini cha Windows chenyewe, na zote mbili huonekana zikibeba lawama ya draiva nyingine iliyopitia kwao. Ukiziona hizo juu, usizifute wala usitafute mbadala wake. Mshukiwa bado hajajulikana.

Njia ya kumthibitisha mshukiwa ni kuzima kifaa chake kwenye orodha ya vifaa ya Windows na kupima tena. Zima Wai-Fai kwanza, kwa sababu ndiyo inayokutwa na hatia mara nyingi kuliko vifaa vingine. Kuchelewa kukishuka, umempata. Kusiposhuka, iwashe tena na uende kwa kifaa kinachofuata: Bluetooth, kadi ya mtandao ya kebo, kamera, kisoma kadi. Usizime kadi ya michoro bila kujua namna ya kuirudisha, wala usiguse kidhibiti cha diski yenye Windows.

Wai-Fai ndiyo yenye makosa. Nifanye nini ikiwa ninaihitaji?

Pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa chipu yenyewe, kwa mfano Intel au Realtek, badala ya kuridhika na ile iliyoletwa na Windows. Ikiwa tatizo lilianza baada ya kusasisha, rudisha toleo lililotangulia. Draiva mpya si lazima iwe bora kwa sauti. Likiendelea, vuta kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta, na kwenye mipangilio ya kadi hiyo ya kebo zima kipengele cha kuokoa umeme. Studio nyingi huzima mtandao kabisa wakati wa kurekodi, na huo ni utaratibu mzuri hata pale ambapo hakuna tatizo, maana huzuia pia Windows kujisasisha na faili kupakiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni katikati ya wimbo.

Je, mipangilio ya kuokoa umeme inahusika?

Inahusika sana. Prosesa za sasa hupunguza kasi na kulaza viini vyake kila zinapopata upenyo, na kuviamsha huchukua muda. Chagua mpango wa umeme wa utendaji wa juu, weka kiwango cha chini cha prosesa kuwa asilimia 100, zima usitishaji wa USB, na zima uokoaji wa umeme kwenye njia za PCI Express. Kwa kadi ya NVIDIA, ingia kwenye paneli yake uchague utendaji wa juu kabisa, ili isiwe inapanda na kushuka kasi kila baada ya sekunde chache.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuzima usingizi wa viini ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mama. Hatua hiyo inafanya kazi, lakini kwa hapa kwetu tunaiweka mwisho, kwa sababu itakayoelezwa katika jibu linalofuata.

Sauti inakatika mchana, hasa miezi ya joto, lakini usiku ni salama. Kwa nini?

Prosesa nyingi hujipunguza kasi zenyewe zinapofika kati ya nyuzi 95 na 100 za Selsiasi. Katika msimu wa kaskazi, chumba kilichofungwa madirisha ili kelele za matatu zisiingie, na ambamo feni imezimwa isisikike kwenye maikrofoni, kinaweza kuwa na joto la kutosha kuifikisha prosesa hapo, hasa kwenye kompyuta ya mitumba ambayo pesti yake ya kupitisha joto imekauka na feni zake zimejaa vumbi. Prosesa iliyopunguza kasi inashindwa kumaliza fungu lake kwa wakati, na plagini (programu ndogo za kuongeza athari kwenye sauti) zilizokuwa zikienda vizuri asubuhi zinaanza kukwama saa nane mchana.

Weka programu ya kupima joto ikiwa wazi wakati unafanya kazi, na ulinganishe saa ya mkato na saa ya kilele cha joto. Vikienda pamoja, safisha feni, badilisha pesti, na usogeze kompyuta mbali na ukuta. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini hatushauri kuzima usingizi wa viini kabla ya usafi huu: viini visivyolala hutoa joto hata kompyuta ikiwa haina kazi, na unaweza kutibu ucheleweshaji mdogo kwa kuzalisha mkubwa.

Hewa ya chumvi nayo ina sehemu yake. Katika majengo yaliyo karibu na bahari, kama yale ya Mji wa Kale, Kizingo au Nyali, miguso ya shaba kwenye matundu ya USB na ya sauti hushika kutu. Miguso isafishwe kwa spiriti ya isopropili kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme, na iachwe ikauke kabisa kabla ya kuwashwa.

Intafesi yangu ya USB inapotea kwa sekunde moja kisha inarudi. Tatizo ni nini?

Intafesi ni kifaa cha nje kinachoingiza na kutoa sauti badala ya kadi ya ndani, na data ya sauti kwenye USB husafirishwa kwa njia isiyo na marudio. Faili ikinakiliwa kwenye flashi na kipande kikaharibika njiani, kinatumwa tena; kipande cha sauti kikiharibika, kimepotea. Kwa hiyo kebo inayofaa kabisa kwa printa huenda isifae kwa intafesi ya sauti.

Chomeka intafesi moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta, lililoshikamana na ubao mama, si kwenye tundu la mbele linalopitia waya mrefu wa ndani, wala kwenye kifaa cha kugawanya matundu. Usiiweke pamoja na diski ya nje kwenye kidhibiti kimoja ikiwa kompyuta ina zaidi ya kimoja. Jaribu kebo fupi zaidi. Ikiwa intafesi inachukua umeme wake wote kutoka USB na inatumika kulisha maikrofoni ya volti 48, tundu dhaifu linaweza kuiangusha, na adapta yake yenyewe itamaliza tatizo.

Nina prosesa ya AMD Ryzen. Kuna jambo la pekee la kuangalia?

Yako mawili. Mwezi Februari 2021 AMD ilikiri kwamba baadhi ya ubao mama za mfululizo wa 500 zilikuwa zikipoteza mawasiliano ya USB mara kwa mara, na marekebisho yakaja mwaka huo huo kupitia BIOS zenye toleo 1.2.0.2 la AGESA, yaani msimbo wa AMD uliomo ndani ya BIOS. Mwezi Machi 2022 ilieleza kasoro nyingine: mfumo wa usalama wa fTPM ulikuwa ukisoma na kuandika kwenye chipu ya BIOS, na kompyuta nzima ikasimama kwa muda mfupi, sauti ikiwemo. Marekebisho yake yalianza kutolewa Mei 2022 katika AGESA 1207. Ikiwa kompyuta yako ni ya miaka hiyo na BIOS yake haijaguswa tangu iliponunuliwa, isasishe. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker (mfumo wa Windows wa kuificha data kwa ufunguo), hifadhi ufunguo wake wa dharura mahali pengine kwanza. Pia kompyuta iwe kwenye UPS wakati wa kazi hii. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, ubao mama unaweza usiwake tena.

Niweke bafa ya ukubwa gani? Mwimbaji analalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa.

Bafa kubwa hulinda sauti isikatike, lakini huongeza kuchelewa. Bafa ndogo hufanya kinyume. Kumbuka kwamba sauti hupita kwenye bafa mara mbili, ikiingia na ikitoka, na kuna nyongeza ya vigeuzi (vinavyobadilisha sauti kuwa namba na kinyume chake) na ya draiva yenyewe. Kwa bafa ya sampuli 256 kwenye kasi ya 48,000, bafa hizo mbili pekee ni karibu milisekunde 11. Hewani, sauti husafiri mita 3.4 hivi kwa milisekunde 10, kwa hiyo mpiga udi anayejisikia kwa kuchelewa huko ni sawa na aliyekaa hatua chache kutoka kwenye spika yake. Wapiga vyombo wengi wanavumilia. Mwimbaji aliyevaa hedifoni huvumilia kwa shida zaidi, kwa kuwa anaisikia pia sauti yake kutoka ndani ya kichwa chake, na mwachano huo humvuruga.

Suluhisho bora si kuishusha bafa hadi kompyuta ilie. Intafesi nyingi zina kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja kutoka kwenye maikrofoni bila kupitia kompyuta. Kitumie, nyamazisha njia yake ndani ya programu ili asisikie sauti mbili, na uache bafa kwenye 256 au 512 kwa utulivu. Wakati wa kuchanganya sauti hakuna anayeimba, basi iweke 1,024.

ASIO ni nini, na ASIO4ALL ni kitu kile kile?

ASIO ni mfumo uliotengenezwa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997 ili programu ya muziki izungumze na kadi ya sauti bila kupitia kichanganyio cha Windows. Intafesi ya maana huja na draiva yake ya ASIO, na hiyo ndiyo ya kutumia. ASIO4ALL si draiva ya aina hiyo. Ni tabaka linalowekwa juu ya draiva ya kawaida ya Windows ili ionekane kama ASIO. Inasaidia kwenye kadi ya sauti iliyomo ndani ya ubao mama, lakini mwenye intafesi yenye draiva yake hana sababu ya kuiweka.

Sauti haikatiki, ila wimbo unachezwa kwa haraka na kwa sauti nyembamba.

Hilo ni suala la kasi ya sampuli. Rekodi ya 44,100 ikichezwa kama ni ya 48,000, hupanda karibu robo tatu ya toni. Linganisha kasi kwenye programu, kwenye draiva ya intafesi na kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, zote ziwe moja. Ukisikia mikwaruzo mifupi inayorudi kwa mpangilio sawa kila baada ya sekunde chache, na una vifaa viwili vilivyounganishwa kwa njia ya kidijitali, huenda kila kimoja kinafuata saa yake ya ndani ya kupangia sampuli. Chagua kimoja kiwe kiongozi na kingine kimfuate.

Je, mngurumo unaosikika wakati wote nao ni tatizo la draiva?

Hapana. Mngurumo mzito usiokoma unatokana na umeme wa hezi 50 na waya wa ardhi. Unganisha kompyuta, intafesi na spika kwenye soketi moja yenye ardhi, na tumia kebo za balansi.

Ninaweza kutumia hedifoni za Bluetooth?

Kwa kusikiliza kazi iliyokwisha, ndiyo. Kwa kurekodi hazifai. Huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100 katika hali ya kawaida, na hakuna ukubwa wa bafa utakaolirekebisha hilo.

Programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa pamoja zinafaa?

Tunakuomba usizitumie. Huweka draiva zisizolingana na kifaa, nyingine huja na matangazo na programu zisizotakiwa, na hufanya jambo lile lile tulilolionya mwanzo, yaani kubadilisha vitu vingi kwa wakati mmoja. Draiva ichukuliwe kwa mtengenezaji wa kifaa, moja baada ya nyingine, na kila moja ifuatiwe na kipimo.

Nimpe fundi taarifa gani nikishindwa?

Mpe picha ya orodha ya draiva kutoka LatencyMon katika vipimo vyote viwili, jina la ubao mama na toleo la BIOS, aina ya intafesi na tundu ilikochomekwa, kasi ya sampuli na ukubwa wa bafa. Mweleze tatizo lilianza lini na ni kitu gani kilibadilika siku zile: sasisho, kifaa kipya, kuhamisha chumba. Mpelekee pia faili ya sauti yenye kasoro ikiwa imeandikwa dakika na sekunde ya kila mkato, ili auone mwenyewe kwenye mchoro wa wimbi. Na ukubali abaki na kompyuta kwa siku nzima, kwa sababu kasoro inayojitokeza mara moja kwa saa haiwezi kuonekana akiwa amesimama nawe kaunta.